Presha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Waingereza wana neno lao, pressure, ambalo wanalitumia kwa hewa, maji, damu, kazi na siasa. Sisi tulipolichukua tukalifanya presha, na mitaani likageuka jina la ugonjwa. Maswali haya ni yale yanayosikika kwenye foleni ya kupimwa, kwenye duka la dawa, na kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo kila mtu wa makamo anapoanguka ghafla.

Mtu akisema "nina presha", anasema nini hasa?

Mara nyingi anasema ana shinikizo la juu la damu. Lakini neno hili limebeba mambo matatu. La kwanza ni kipimo: nesi akikuambia "njoo nikupime presha" hajasema unaumwa, maana kila aliye hai anayo presha, na asiyekuwa nayo anasubiri sanda. La pili ni ugonjwa: "mama ana presha na sukari", wawili wanaotajwa pamoja kama kurwa na doto, na kweli hupenda kumkaa mtu mmoja. La tatu ni mshtuko au wasiwasi: "matokeo ya kidato cha nne yanatoka leo, presha juu", "ile penalti ilinipandisha presha".

Barazani hakuna anayepotea kati ya maana hizi. Kwa daktari watu hupotea. Mgonjwa anaulizwa, "Una presha?" Anajibu, "Hapana dokta, iko sawa." Iko sawa kwa sababu anameza amlodipini, dawa ya presha, kila asubuhi! Daktari anaandika kuwa hana, na dawa atakazompa zitapangwa kana kwamba hana. Ukiulizwa hivyo, sema "ninayo, natumia dawa", kisha utaje dawa yenyewe au utoe pakiti mfukoni.

Hiyo maana ya tatu ina ubaya gani? Si ni msemo tu?

Ni msemo, ila una nguvu. Tumezoea kusema presha "imepanda" na "imeshuka", kwa hiyo tunaifikiria kama kitu cha kuja na kuondoka, kinachoamshwa na hasira, habari mbaya au watoto watundu. Sikiliza mazungumzo haya, ambayo yangeweza kuwa ya nyumba yoyote Ilala au Kisauni:

"Shangazi, dawa umekunywa?"
"Leo haijapanda, mwanangu. Nazitunza za siku ikipanda."

Shangazi anaamini ataisikia ikipanda. Kichwa kitagonga, moyo utaenda mbio, kisogo kitakuwa kizito. Ukweli ni kwamba watu wengi wenye shinikizo la juu la damu hawasikii chochote kwa miaka. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wazima bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana tatizo hili, na kwamba karibu asilimia 46 kati yao hawajui. Wangekuwa wanaisikia, wangejua.

Hasira na woga hupandisha kipimo kwa muda, hilo si uongo. Kupanda ngazi nako hupandisha, na kucheka sana. Kinachoharibu figo, macho, ubongo na moyo ni kipimo kinachobaki juu mwezi hadi mwezi, ukiwa umekasirika au umelala fofofo. Dawa za kila siku zimetengenezwa kwa ajili ya hicho. Kumeza kidonge siku ya ugomvi tu ni kupoteza kidonge.

Presha, shinikizo la damu, msukumo wa damu, mgandamizo: yote ni mamoja?

Kwa damu, ndiyo, karibu yote ni mamoja. "Shinikizo la damu" ndilo la mabango ya wizara na taarifa ya habari. "Msukumo wa damu" na "mgandamizo wa damu" utayakuta kwenye vipeperushi vya zamani na kwa baadhi ya wahudumu. Nje ya hospitali kila neno lina mtaa wake. Mamlaka ya hali ya hewa inatangaza "mgandamizo mdogo wa hewa" baharini. Vitabu vya fizikia vilileta "kanieneo", neno zuri ambalo halikupata bahati nje ya darasa. Magazeti yanampa waziri "shinikizo la kujiuzulu". Bombani "maji hayana presha", na uwanjani timu "inapeleka presha" langoni. Gari ndilo lililokataa kabisa: kwa fundi wa matairi unapima upepo, huendi kupima presha.

Ukiwa na mgonjwa, tumia neno lolote analolielewa. Mimi napenda presha kuliko shinikizo kwa sababu bibi wa kijijini analijua, mradi umwambie ni ile ya kipimo unayoizungumzia.

Kwenye kadi wameandika BP, HTN, mmHg. Ndiyo nini?

BP ni kifupi cha Kiingereza cha shinikizo la damu, yaani kipimo. HTN ni ugonjwa wenyewe. Ukiiona kwenye kadi yako na hukuambiwa kitu, rudi uulize. mmHg ni milimita za zebaki. Daktari wa Italia, Scipione Riva-Rocci, alitoa mwaka 1896 mkanda wa kufunga mkononi uliounganishwa na mrija wa zebaki, na kimo cha zebaki kikawa ndiyo kipimo. Mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov akaonyesha kuwa ukiweka kifaa cha kusikilizia cha daktari chini ya mkanda unasikia damu ikianza kupita na kisha sauti ikipotea. Mashine nyingi leo hazina zebaki tena, lakini hesabu ni ile ile.

Kwa nini zinasomwa namba mbili?

Ya juu ni nguvu ya damu kwenye kuta za mishipa pale moyo unapojikamua. Ya chini ni nguvu inayobaki pale moyo unapolegea ili ujae tena. Ukisoma 128/82 unatamka "mia na ishirini na nane kwa themanini na mbili". Zote mbili zina maana. Wapo wanaokumbuka ya juu tu, na wapo walioambiwa kuwa ya chini ndiyo ya hatari na hiyo nyingine haina neno. Wote wanabeba nusu ya habari.

Kuanzia ngapi ndiyo presha?

Chini ya 120/80 ni nzuri. Shirika la Afya Duniani linahesabu ugonjwa pale ambapo kipimo cha siku mbili tofauti kinafika 140 au zaidi kwa ya juu, au 90 au zaidi kwa ya chini. Kipimo kimoja cha 146/92 baada ya kugombania daladala hakikufanyi mgonjwa. Kinakudai urudi kupima.

Hapa ndipo ndugu wanapobishana kwa simu. Wataalamu wa moyo wa Marekani walishusha mstari mwaka 2017, wakasema ugonjwa uanze 130/80. Kwa hiyo binamu yako aliyeko Minnesota anaweza kuambiwa ana presha kwa 134/84, na wewe uliyeko Tanga ukaambiwa uangalie chumvi tu. Hakuna aliyedanganywa. Hatari inapanda polepole, na mahali pa kuchora mstari ni uamuzi wa wataalamu.

Ikisoma 180/120 au zaidi na una maumivu ya kifua, pumzi inakatika, macho yanaona kiwi, maneno yanakwama au upande mmoja wa mwili umelegea, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Usikubali mtu akupasulie kidonge cha nifedipini chini ya ulimi ili ishuke upesi. Ni mazoea ya zamani, na kuishusha ghafla kunaweza kuunyima ubongo damu.

Dukani ilisoma 152, hospitali 131. Nani mwongo?

Pengine hakuna. Presha haikai mahali pamoja. Lakini pia tunapima vibaya mno, na hili nalisema nikiwatazama wapimaji wa kwenye viti vya plastiki kando ya stendi. Mtu anatakiwa akae kimya dakika 5, asiwe amevuta sigara wala kunywa kahawa kwa nusu saa, awe amekwenda haja ndogo. Mgongo uegemee, miguu miwili iguse chini bila kupandanisha, mkono ulale mezani usawa wa moyo, na mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya sweta. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu kuliko hali halisi, na vituo vingi vina mkanda wa saizi moja tu. Na kupiga soga wakati mashine inajaza kunaongeza namba. Mpimaji anayekuhoji habari za watoto huku akipima anaharibu kazi yake mwenyewe.

Wapo pia ambao inapanda wakimwona daktari na kutulia wakifika nyumbani. Hao wapimwe nyumbani asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, waandike kwenye daftari, waje nalo.

Presha ya kushuka ni hatari kuliko ya kupanda?

Hili ndilo swali la kwanza kwa wingi, na jibu linahitaji kulifumua neno. Mtaani "presha ya kushuka" ni kapu. Humo wameingizwa waliozimia kwa njaa, wenye upungufu wa damu, walioshukiwa na sukari, walioishiwa maji kwa kuhara, mjamzito aliyepata kizunguzungu kanisani, na mtu aliyefiwa akaanguka. Wachache kati yao walipimwa.

Kitaalamu, kwa kawaida, ni kipimo kilicho chini ya 90/60. Kuna watu, hasa wanawake vijana na wanamichezo, ambao hiyo ndiyo hali yao na wanaishi salama. Inakuwa shida ikikuletea kizunguzungu, kiwi au kuzimia, au ikishuka kwa sababu ya kutoka damu, kuhara, maambukizi makali au dawa. Hiyo ya ghafla ni ya kukimbilia hospitali. Wazee na wanaotumia dawa za presha hupata ile ya kusimama: unainuka kitandani, dunia inazunguka. Hao wakae ukingoni kwanza, kisha wasimame.

Mkanganyiko ulio mbaya zaidi ni wa kudhani presha ya kushuka na upungufu wa damu ni kitu kimoja. Damu kuwa kidogo ni habari ya wekundu wake, inapimwa kwa tone la damu. Presha ni habari ya nguvu ya msukumo, inapimwa kwa mkanda. Mtu anaweza kuwa na upungufu wa damu huku presha iko 160. Akidhani ni ya kushuka, atapewa soda na chumvi ya kulamba, na chumvi ndiyo hasa asiyoitaka. Soda humsaidia aliyeshukiwa na sukari. Kwa presha haina kazi.

Basi mwenye presha ya kupanda ana damu nyingi? Ndimu si inakata damu?

Hana damu nyingi. Mishipa yake imekaza au imepoteza ulaini, ama mwili unashikilia chumvi na maji, kama mpira wa bustani uliobanwa huku bomba liko wazi: maji ni yale yale, msukumo umezidi. Ndimu haikati damu. Inafaa kwenye kachumbari, tena ikikusaidia kupunguza chumvi ni heri.

Chuku, ambayo siku hizi inarudi kwa jina la hijama, haijathibitika kuwa tiba ya presha. Anayeitaka kwa imani yake asiache vidonge. Kitunguu saumu na chai ya rosela, ile tunayoiita choya, vimeonyesha katika tafiti chache kuwa vinaweza kushusha kidogo. Kidogo. Kunywa choya yako bila kujaza sukari, na dawa uendelee nayo.

Kama kuna kitu cha jikoni cha kukipigania ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kimoja kwa vyote ulivyokula. Hesabu papa mkavu, ng'onda, vidonge vya kukolezea mchuzi, mkate, na ile chumvi inayonyunyiziwa chipsi zikiwa tayari zina chumvi, uone kijiko kinavyojaa kabla ya chakula cha usiku.

Presha ya mimba ni ile ile?

Kipimo ni kile kile, hatari ni nyingine. Ikifika 140/90 au zaidi baada ya wiki 20 za ujauzito inachukuliwa kwa uzito, na ikiambatana na protini kwenye mkojo au dalili nyingine inaweza kuelekea kifafa cha mimba. Kichwa kisichotulia, macho kumetameta, maumivu chini ya mbavu upande wa juu wa tumbo, uso na mikono kuvimba: mama asisubiri siku ya kliniki. Mikoa mingi bado inasikika kauli kuwa kifafa hicho ni mkono wa mtu. Kuna dawa yake, magnesiamu salfeti, nayo inaokoa maisha, lakini mama sharti awe amefikishwa.

Kwa aliyekuwa na presha kabla ya mimba: dawa kama kaptoprili, enalaprili na losatani hazifai ujauzito, zinamdhuru mtoto. Sema mapema kwamba una mimba au unaitafuta, ubadilishiwe.

Na presha ya macho?

Hiyo ni nguvu ya majimaji ndani ya jicho, na ugonjwa unaohusiana nayo ni glakoma. Mkanda wa mkononi hauwezi kuipima. Unaweza kuwa na 118/76 mkononi na glakoma jichoni.

Nikianza dawa ndiyo basi, siachi tena?

Wengi hawaachi, kwa sababu ugonjwa wenyewe hauondoki. Watu hulitafsiri hilo kuwa dawa "zinamzoesha mwili", wakaahirisha kuanza kama wanavyoahirisha deni. Mwili haujazoea kitu. Ukiacha, kipimo kinarudi kilipokuwa. Wapo waliopunguza uzito, chumvi na pombe, wakatembea, na daktari akawapunguzia au kuwatoa kwenye dawa. Daktari, si jirani. Atenololi na propranololi zikiachwa ghafla zinaweza kuleta balaa la moyo.

Wengine huacha kwa sababu ya maudhi, nao wana haki ya kulalamika. Amlodipini inaweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Kaptoprili na enalaprili huleta kikohozi kikavu, na nimeona watu wakitibiwa kikohozi hicho kwa antibiotiki raundi baada ya raundi. Dawa za kukojoza zikimezwa usiku zitakukosesha usingizi. Kwa kila moja ya hizo kuna mbadala au namna ya kupanga muda. Mwambie aliyekuandikia. Mwambie pia kama unameza diklofenaki au ibuprofeni kila siku kwa ajili ya mgongo, maana hizo hupandisha presha na kuigonga figo, na zinauzwa kama njugu.

"Amekufa kwa presha" ni sababu ya kifo?

Msibani ni jibu la kufunga mjadala. Nyuma yake kunaweza kuwa kiharusi, mshtuko wa moyo, moyo kushindwa kazi au figo kufa, na presha ya muda mrefu ndiyo njia iliyofika huko. Wakati mwingine presha haihusiki kabisa na hakuna aliyepima. Familia ikisema "alipokea simu, presha ikapanda, akafa", simu inabeba lawama ambayo huenda ni ya miaka kumi ya kutopimwa. Wanawe wapimwe, hilo ndilo la maana zaidi kuliko kumtafuta aliyepiga simu. Presha hutembea kwenye ukoo.

Mbona ndugu zetu wa Kongo wanasema wana 14 kwa 9? Si watakuwa wamekufa?

Wako hai. Kongo, na Burundi pia, neno limetoka Kifaransa, kwa hiyo utasikia tansio. Wafaransa wana desturi ya kuisoma kwa sentimita za zebaki badala ya milimita. Kumi na nne kwa tisa ni 140/90. Zidisha kwa kumi. Nesi wa Kigoma anayepokea wagonjwa kutoka ng'ambo ya ziwa anapaswa kulijua hili, na mgonjwa naye akiambiwa "mia na arobaini" asishtuke akadhani imepanda mara kumi njiani. Uganda, kwa Waganda, utaisikia puleesa, mtoto wa mama yule yule wa Kiingereza. Oman na Ghuba cheti kitaandikwa dhaghti, kwa Kiarabu. Popote ulipo, namba mbili, tarehe na majina ya dawa vinatosha kumweleza mhudumu mahali ulipofika. Viandike kwenye karatasi ukae nayo kwenye pochi, kwa sababu kadi ya kliniki siku ya dharura huwa imebaki nyumbani.